Rukuu Ndefu ya Mjomba Swalehe

Watu wa kambini walipoona mjomba wangu Swalehe amebadilika, walidhani amemkaribia Mungu.

Alikuwa imamu wa msikiti mdogo wa wafanyakazi, pale kwenye mashamba ya vioo vya Kolo, Kondoa, ambako vioo vinageuka na jua kutwa nzima na sisi tunavifuta vumbi. Sifa yake kubwa ilikuwa wepesi. Swala ya adhuhuri aliimaliza upesi, watu wakawahi chakula, wakampenda kwa hilo kuliko kwa mawaidha yake. Halafu mwaka ule rukuu zake zikaanza kurefuka. Akisimama, anasoma haraka haraka kama kawaida. Akiinama, basi, ameinama. Safu nzima nyuma yake inangoja, mikono magotini, mtu unakariri tasbihi mpaka unaanza kuwaza ugali.

Vijana wakasema imamu anaonyeshwa mambo. Mpishi wa kantini akaanza kumpelekea maziwa bila kuombwa. Na mjomba, ambaye alipenda sifa kama mtu mwingine yeyote, hakuwakatalia.

Mimi nilikuwa naswali nyuma ya pazia na wanawake wenzangu, kwa hiyo sikumwona. Nilimsikia tu. Kati ya sauti ya kuinama na sauti ya kuinuka palikuwa na kimya, na kimya hicho kiliongezeka mwezi hadi mwezi. Sikufikiria chochote. Siku hizo nilikuwa sifikirii sana mambo ya watu.

Aliyefikiria ni mama.

"Swalehe? Uchaji gani!" alisema nilipomsimulia. "Kaka yangu namjua. Huo ni mgongo."

"Mjomba ana Tuliza, mama. Mgongo haumuumi."

"Sikusema unamuuma. Nimesema ni mgongo."

*

Kazi yangu ilikuwa kutunza Tuliza za wafanyakazi. Asubuhi hiyohiyo nilikuwa nimemhudumia dada mmoja mgeni, mfuta vioo, ambaye alifika ofisini kwangu akitembea huku ameshika kiuno kwa mikono miwili. Kidude chenyewe, kidogo kama punje ya haragwe, alishapandikizwa chini ya ngozi, juu kidogo ya makalio. Kilichobaki ni kukiwasha.

"Unakubali kwa hiari yako niiwashe?" nilimwuliza, rimoti mkononi.

"Nakubali."

"Unakubali?"

"Si nimekubali, dada."

"Unakubali?"

Akacheka pamoja na maumivu yake. "Hii ni Tuliza au ni ndoa? Nakubali!"

Sheria ndivyo inavyotaka. Kuwasha au kuzima, mwenye mwili aulizwe mara tatu na ajibu kwa kinywa chake. Na hairuhusiwi mtu kujibonyezea mwenyewe, hata mimi mwenye rimoti. Kiuno changu aliniwashia fundi aliyetumwa kutoka Dodoma, mwaka nilipoteleza na ndoo ya maji kati ya vioo.

Nikabonyeza. Mabega ya yule dada yakashuka. Akainama, akagusa sakafu, akasimama, akainama tena, kisha akanikumbatia huku analia machozi ya furaha. Nilimpigapiga mgongoni. Nakumbuka nilijua kwamba zamani ningefurahi naye.

Waliotengeneza Tuliza wanasema haigusi chochote zaidi ya maumivu ya kiuno na miguu. Inakaa njiani, ujumbe wa maumivu ukipanda kwenda kichwani inaumeza, basi. Labda ni kweli. Mimi najua tu kwamba kambini kwetu watu walikuwa wapole sana. Hatukugombana. Misiba ilikuja, tukapika, tukala, tukarudi kazini.

*

Mama hakuwa na Tuliza na hakutaka kuisikia. Mgongo wake ulikuwa umemsumbua tangu mimi msichana. Daktari alimweleza kwamba mfereji ule ndani ya uti wa mgongo, unamopita ukamba wa mishipa ya fahamu, umesinyaa kwa uzee na kwa mizigo, mishipa inabanwa. Akisimama wima inabanwa zaidi. Akiinama au akikaa, mfereji unapanuka kidogo na mishipa inapumua.

Basi mama akayapanga maisha yake kwa elimu hiyo. Kati ya nyumbani na sokoni alijua kila ukingo wa kukalia, kila jiwe, na kila mwenye duka ambaye hakasiriki ukikaa kwenye kizingiti chake. Alisukuma toroli lenye mpini mrefu hata kama hana cha kubeba, ameuegemea, na kwa toroli hilo aliweza kufika mbali kuliko wanawake waliomcheka. Kila alfajiri alilala chali akavuta magoti kifuani, huku akilalamika kwa sauti ili nyumba nzima isikie. Alilalamika kutwa. Miguu inawaka, nyayo zina sindano, kiuno kinataka kukatika, na wewe Zaituni umekaa tu unanitazama. Nilikuwa namtazama kweli.

"Inama tu, inapita," ndilo lilikuwa neno lake kila maumivu yalipomshika njiani. Alijiambia mwenyewe.

Siku ile alinivuta mkono. "Swalehe anasukuma toroli?"

Nikafikiri. Mjomba alikuwa msimamizi wa zamu, hana sababu ya kusukuma maji. Lakini kweli, kila nilipomwona kati ya vioo alikuwa ameegemea toroli, mara nyingi tupu.

"Anasukuma."

"Na baiskeli anapanda?"

"Vizuri tu. Mbio."

"Kwa sababu kwenye baiskeli ameinama. Mwili wake unatafuta nafuu, na mwenyewe hana habari, kwa sababu mmemziba masikio. Mzimie hicho kidude hata kwa dakika moja, ajisikie."

"Lazima akubali mwenyewe, mama. Mara tatu."

"Basi muulize mara tatu!"

*

Nilimwita ofisini. Alikuja na kanzu yake safi na ubishi wake.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mama. Haya, nimeshtakiwa nini?"

Nilisoma Tuliza yake. Haisemi ugonjwa, inasema tu ilikuwa imemeza ujumbe kiasi gani, na yake ilikuwa inameza kama mtu aliyefunga kutwa akafika futari. Nikamwomba atembee mpaka getini na kurudi, wima, bila kushika kitu. Kwenda alikwenda. Kurudi, mguu wa kulia ukaanza kuburuta, kandambili ikawa inachora mchanga. Alipofika kwenye meza yangu akaishika kwa viganja vyote viwili, akainama, akakaa hivyo.

"Umechoka?"

"Sijachoka. Miguu tu inakuwa kama ya mtu mwingine. Nikiinama inarudi kuwa yangu."

"Naomba niizime kidogo, tujue hali yako. Unakubali?"

Akaniambia jambo ambalo tulilijua wote lakini hatukuwahi kulisema. Mkewe, Hadija, alipofariki, kabla mjomba hajawekewa Tuliza, mgongo ulikuwa umemlaza yeye mjomba. Jeneza lilisaliwa na mtu mwingine huku yeye, imamu, amekaa kwenye kigoda cha jikoni kando ya safu, amejikunja.

"Kigoda cha jikoni, Zaituni. Siku ile niliapa. Sikubali. Hata uniulize mara mia."

Yalikuwa yamebaki maswali mawili, na hayo ndiyo yaliyokuwa na uzito kuliko yote. Tulifundishwa kwamba mwenye mfereji uliosinyaa anaweza kuishi nao miaka, kama mama. Lakini akianza kufa ganzi pale anapokalia, kwenye mapaja ya ndani na sehemu za siri, au mkojo ukaanza kumponyoka bila yeye kujua, basi mishipa inakufa na hapaswi kulala nyumbani siku hiyo. Ni hospitali, ni upasuaji, na kila saa inayopita inachukua kitu kisichorudi.

Sasa nieleze wewe, mtoto wa dada anamwulizaje mjomba wake, imamu, mambo hayo? Nilitazama ukutani. Nikasema kwa sauti ndogo kuliko yangu, "Na chini huko, mjomba. Unahisi kila kitu? Na haja ndogo?"

Akakunja uso.

"Unaniuliza mimi hayo? Wewe?"

"Ni kazi tu, mjomba."

"Niko sawa. Mwambie mama yako niko sawa."

Nikashukuru kwamba amejibu. Hilo ndilo ninalolikumbuka, nilivyoshukuru. Sikumtafutia mwanamume mwenzake wa kumwuliza. Nilimsindikiza mlangoni nikarudi kwenye kazi zangu.

*

Mama alifariki kwa moyo, asubuhi moja ya kawaida, amekaa kwenye kizingiti cha duka la mkaa, mkono mmoja kwenye mpini wa toroli. Walipokuja kuniita nilikuwa naandaa chai. Niliimimina kwanza.

Nyumba ilijaa. Wanawake waliponiona nimekaa na macho makavu wakasema, masikini, amepigwa na bumbuwazi. Halikuwa bumbuwazi. Nilijua mama yangu amekufa, nilijua nilimpenda, niliyajua yote mawili kama mtu anavyojua jina la mji ambao hajafika. Mkono wangu ulikuwa mara kwa mara unakwenda kiunoni, kwenye ule uvimbe mdogo.

Mjomba alikataa mtu mwingine yeyote amsalie dada yake. "Hii ni yangu," alisema, na kila mtu alielewa kwa nini.

Jeneza likawekwa uani. Wanaume wakapanga safu, sisi wanawake tukasimama barazani nyuma yao. Mjomba akasimama mbele akitutazama, akatuomba tumsamehe marehemu kwa lolote alilotukosea, na watu wakajibu tumemsamehe. Alisema vizuri. Alisimama wima kabisa, na ndipo nikakumbuka kitu kimoja. Swala ya jeneza haina rukuu. Haina sijida wala kikao. Unasimama tu, toka takbiri ya kwanza hadi salamu, na miguu ya mjomba ilikuwa haiwezi tena kusimama bila kuinama.

Kisha akageuka kuelekea kibla. Akasogea usawa wa kiuno cha mama, ndivyo imamu anavyosimama kwa maiti wa kike, na nyuma ya kanzu yake nyeupe palikuwa pameloa.

Doa lilikuwa kubwa kama kiganja, na lilikuwa linashuka.

Yeye hakuwa na habari. Hakuhisi chochote. Safu ya kwanza waliona wote, maana niliona vichwa vinainama kimoja baada ya kingine, kwa adabu, kila mmoja akitazama vidole vyake vya miguu. Hakuna aliyemgusa bega. Ndivyo tulivyo. Mtu mzima akiaibika tunafumba macho, tunaita heshima, na heshima hiyo ilikuwa inakwenda kumlemaza mjomba wangu hadharani.

Rimoti ilikuwa kwenye mfuko wa gauni langu, chini ya kanga.

Ningeweza kungoja. Swala yenyewe ni fupi. Lakini baada ya swala kuna kwenda makaburini, mwendo wa kilima kizima, kisha kurudi, kisha chakula, kisha dua, na yeye asingekubali kuondoka. Nimwambie? Angenijibu yuko sawa, na kwa alivyokuwa anajisikia alikuwa sawa kweli. Kitu kimoja tu kingemsadikisha, nacho alikwisha kikataa kwa kinywa chake, akiwa na akili timamu, na akanipa sababu. Na mimi nilikuwa nakwenda kumkalisha kwenye kigoda cha jikoni mara ya pili, mbele ya dada yake.

Mjomba akainua mikono kufikia masikio.

Nikachagua Tuliza yake kwenye rimoti. Nilimwuliza moyoni mara moja. Sikungoja jibu. Nikabonyeza.

Hakupiga kelele. Mikono ilibaki juu, takbiri haikutoka. Kisha akaanza kuinama, polepole, mpaka mikono ikashika magoti, rukuu kamili, mahali pasipo na rukuu. Na vijana wa kambini, waliozoea kumfuata miezi yote ile, wakainama naye. Safu mbili nzima zikainama mbele ya jeneza la mama yangu, wengine wakasimama, wengine wakatazamana, hakuna aliyejua la kufanya.

Ndipo akalia. "Dada," alisema, "ee dada yangu," akashika ukingo wa jeneza ili asianguke. Wakamdaka. Akapitisha mkono nyuma ya kanzu, akautazama mkono wake, akaelewa. Akamwambia shemeji yake aliyekuwa karibu, "Salisha wewe." Wakati wanambeba kumpitisha barazani aligeuza kichwa na kunitazama usoni, na alijua ni nani.

Nilikwenda naye kwenye gari la wagonjwa. Mama alizikwa bila mimi.

*

Wapasuaji wa Dodoma walimpanua ule mfereji usiku uleule. Walisema miguu imeokolewa, ingawa wa kulia utaburuta daima na haja ndogo itabidi aende kwa saa, asingoje kuhisi. Walisema tungechelewa mpaka kesho yake wangekuwa wanazungumza nasi juu ya kiti cha magurudumu.

Mimi nilijiripoti mwenyewe. Wakachukua rimoti ya kazi na ofisi yangu. Wakaniachia rimoti moja tu, ndogo, inayojua kiuno changu peke yake.

Kwa wiki nyingi mjomba hakutaka nije. Nikatuma chakula, vyombo vikarudi vimeoshwa, bila salamu. Hatimaye siku moja vyombo vilirudi na ujumbe wa mdomo: aje.

Nilimkuta nje ya nyumba yake, amekaa kwenye benchi, amelalia viwiko mezani, vile alivyokuwa anakaa mama. Toroli la mama lilikuwa ubavuni kwake, mpini umefungwa kitambaa kipya. Tuliza yake alikataa kuwashiwa tena. Alikuwa anavuta magoti kifuani kila alfajiri na, nilivyoambiwa na majirani, analalamika mpaka kwao kunasikika.

"Shikamoo, mjomba."

Alikaza kwanza kitambaa cha mpini. "Marahaba."

Nikakaa.

"Uliniuliza kwa sheria yako, ukaivunja mwenyewe," alisema. "Nilikwambia sikubali."

"Uliniambia."

"Ukaninyang'anya swala ya dada yangu."

"Ndiyo, mjomba."

"Ukaniachia miguu." Akaitazama, imenyooka chini ya meza, mmoja umelala upande. "Mimi sijui niviweke wapi hivi vitu viwili. Nimejaribu. Kimoja hakikifuti kingine. Usije ukasubiri nikwambie nimekusamehe."

"Sisubiri."

"Unajua watu wanasema nililia siku ile kwa maumivu? Waache waseme. Maumivu yalikuwa makali, wallahi, toka kiunoni mpaka kwenye dole gumba la mguu. Lakini ulipobonyeza, kitu cha kwanza kuniingia haukuwa mgongo. Ni kwamba dada yangu Mwajabu amelala pale mbele yangu. Nilikuwa nimemsemea maneno, nimemwombea msamaha, nimesimama kwenye kiuno chake, na nilikuwa sijajua kama amekufa." Akafuta uso kwa kiganja. "Wewe umeshamlilia mama yako?"

"Bado."

"Kwa nini?"

"Sijisikii kulia. Sijisikii kitu, mjomba. Nikipita duka la mkaa naona kizingiti tu."

Upepo ulileta vumbi jembamba la mashambani, vioo kule vikageuka pamoja. Nikatoa ile rimoti ndogo mfukoni, nikaiweka mezani katikati yetu. Yeye alijua kanuni kama ninavyoijua, hakuna anayejibonyezea.

Aliichukua. Akaigeuza mkononi, akatafuta kitufe, akaweka dole gumba juu yake bila kukikandamiza. Angeweza. Nadhani nilikuwa nataka afanye hivyo, abonyeze tu bila neno, tuwe tumelingana.

"Unakubali kwa hiari yako niizime?" aliuliza.

Sauti ilikuwa ile ya msikitini.

"Nakubali."

"Unakubali?"

"Nakubali, mjomba."

Akangoja. Alirefusha kimya kile cha tatu kama alivyokuwa anarefusha rukuu zake, ili nipate nafasi ya kukataa, nafasi ambayo mimi sikumpa.

"Unakubali, Zaituni?"

Nikasema ndiyo.

Kiuno kilinishika kama mlango uliofungwa kwa nguvu, mguu wa kushoto ukawaka mpaka kwenye unyayo, nikainuka bila kujua na kusimama, na kusimama kukawa kubaya zaidi.

"Inama," mjomba alisema. "Inama tu, inapita."

Nikainama, nikashika mpini wa toroli la mama. Mgongo ukapoa kidogo, kama alivyosema. Kile kingine hakikupoa. Nilikililia pale pale nimeinama, mpaka watoto wa majirani wakaja kutazama, na mjomba akawaambia wapite, kuna mtu amefiwa.